Edmond Albius: mtoto mtumwa aliyefungua siri ya vanila

Mwishoni mwa mwaka 1841, katika shamba la Belle-Vue huko Sainte-Suzanne, kaskazini mashariki mwa kisiwa ambacho leo kinaitwa Réunion, mwenye shamba alisimama mbele ya mmea wake mmoja na kushindwa kuyaamini macho yake. Ulikuwa mmea wa vanila, uliokuwa umetambaa juu ya mti kwa takriban miaka ishirini. Kila msimu ulitoa maua, na kila msimu maua hayo yalinyauka na kudondoka bila kuacha kitu. Asubuhi hiyo palikuwa na ganda moja la kijani likining'inia.

Mwenye shamba aliitwa Ferréol Bellier-Beaumont. Alikuwa Mfaransa wa kisiwani, mpenzi mkubwa wa mimea. Aliyekuwa akitembea naye bustanini ni mtoto wa miaka 12, mtumwa, asiye na jina jingine ila Edmond. Mtoto huyo alieleza kuwa ganda lile ni kazi ya mkono wake. Bwana hakumwamini. Siku mbili tatu baadaye likaonekana ganda la pili, na Edmond akarudia maelezo yake yaleyale. Ndipo alipotakiwa aonyeshe alivyofanya.

Alichokionyesha kilichukua sekunde chache tu. Hadi leo, karibu kila ganda la vanila linalouzwa duniani, liwe limetoka Antalaha nchini Madagascar, Ngazija, Bundibugyo nchini Uganda au vilima vya Kagera nchini Tanzania, limepatikana kwa namna ileile ambayo mtoto yule aliionyesha.

Mmea usiotaka kuzaa ugenini

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, ni lazima kwanza kuvuka bahari mbili hadi Mexico. Vanila ni aina ya okidi, na asili yake ni misitu yenye joto ya Mexico na Amerika ya Kati. Watu wa jamii ya Totonaki, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Veracruz, walikuwa wakiitumia kwa karne nyingi. Waazteki waliitia katika kinywaji chao cha kakao. Wahispania walipoiteka Mexico katika karne ya 16, walipeleka Ulaya kakao na vanila kwa pamoja, na kwa muda wa karibu miaka 300 Ulaya nzima iliitegemea Mexico kwa kiungo hicho.

Wenye makoloni hawakulipenda jambo hilo. Kahawa ilikuwa imeondolewa Uarabuni ikastawi kwingineko, karafuu ikatolewa visiwa vya Maluku ikafika Mauritius, Bourbon na baadaye Unguja na Pemba. Kwa nini vanila isifuate njia hiyo? Vipando vyake vilichukuliwa hadi London, Antwerp na Paris, vikatunzwa katika nyumba za vioo, na kuanzia mwaka 1819 Wafaransa wakaanza kuvipeleka Bourbon, jina la zamani la Réunion. Mmea ulishika, ukatambaa, ukachanua. Lakini haukuzaa.

Sababu imo ndani ya ua lenyewe. Ua la vanila lina sehemu ya kiume na sehemu ya kike kwa pamoja, ila kati yake pana utando mdogo mfano wa ulimi, unaozuia chavua kuifikia sehemu ya kike. Kwao Mexico, vanila huchavushwa na wadudu wa huko, na wanaotajwa zaidi ni nyuki wadogo wasiouma. Nyuki hao hawakuandamana na mmea kwenye meli. Isitoshe, ua lenyewe halina subira: hufunguka alfajiri na kufikia alasiri limeshanyauka. Lisipochavushwa siku hiyohiyo, huanguka.

Wanasayansi wa Ulaya walikwisha kulitambua tatizo hilo kabla ya Edmond. Mwaka 1836, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Charles Morren, alifaulu kuyachavusha maua ya vanila kwa mkono katika bustani ya mjini Liège, na mwaka uliofuata jambo kama hilo likafanyika Paris. Heshima yao wanastahili. Hata hivyo, mafanikio yao yalibaki katika nyumba za vioo na kurasa za majarida ya wasomi. Njia yao haikuwa nyepesi kiasi cha kumfaa mkulima mwenye maelfu ya maua ya kushughulikia kabla jua halijawa kali, na katika mashamba ya Bourbon vanila iliendelea kuwa pambo.

Kisiwa kilichojazwa na watumwa

Réunion ipo takriban kilomita 700 mashariki mwa Madagascar. Haikuwa na wenyeji wa asili. Wafaransa walianza kuishi humo katika karne ya 17, nao waliijaza watu waliowatoa Madagascar, India na pwani ya Afrika Mashariki ili walime kahawa na baadaye miwa. Kwa wasikilizaji wa Kiswahili, historia hiyo si ya mbali sana. Mwaka 1776, mfanyabiashara wa Kifaransa aliyeitwa Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa hivyo vya Ufaransa. Hadi sasa, watu wa Réunion wenye asili ya Afrika huitwa kwa krioli ya huko Kaf, neno lililotokana na kafiri la Kiarabu, na ambalo lilisafiri katika njia zilezile za biashara zilizowapeleka mababu zao.

Edmond alizaliwa Sainte-Suzanne mwaka 1829. Mama yake, Mélise, alifariki dunia wakati wa kumzaa. Baba yake aliitwa Pamphile, naye pia alikuwa mtumwa, na mtoto hakupata kulelewa naye. Angali mdogo alipelekwa nyumbani kwa Bellier-Beaumont, ambaye alimzoea kiasi cha kumchukua kila aendapo bustanini. Uhusiano wao haukuwa wa kawaida, wala haupaswi kupambwa. Bwana alimpenda mtoto, akamfundisha majina ya mimea na namna ya kuitunza, lakini hakumfundisha kusoma wala kuandika. Na katika hesabu ya mali za familia, Edmond aliendelea kuwa mali.

Miongoni mwa mambo aliyofundishwa ni kuchavusha maua ya jamii ya maboga kwa mkono. Kazi hiyo ni rahisi: ua dume na ua jike hukaa mbalimbali na huonekana wazi, hivyo mtu huchuma ua dume na kulisugua ndani ya ua jike. Somo hilo dogo ndilo mtoto alilokwenda nalo kwenye mmea wa vanila. Ila vanila haifanani na boga. Hakuna ua dume la kuchuma wala ua jike la kulipelekea. Ilimlazimu alichungulie ua moja kwa makini, atambue chavua ipo wapi, inatakiwa kufika wapi, na ni kitu gani kinachoizuia njiani.

Njia aliyoipata ni hii. Ua hushikwa kwa mkono mmoja, na ule mdomo wake unaofunika sehemu za ndani hupasuliwa taratibu. Kwa kijiti chembamba cha mwanzi, kilicho nyembamba kama kijiti cha meno, ule utando wa kati huinuliwa na kusukumwa nyuma. Kisha kidole gumba huubonyeza mfuko wa chavua hadi uguse sehemu ya kike, ambayo inanata, na chavua hubaki hapo. Basi. Mtu aliyezoea anaweza kuyashughulikia maua zaidi ya elfu moja kwa asubuhi moja.

Bellier-Beaumont alifahamu mara moja kile alichokiona. Aliwaandikia wenye mashamba wengine, nao wakamwalika Edmond. Akawa anapelekwa shamba hadi shamba, mtoto wa miaka 12, kuwafundisha watumwa wenzake namna ya kuyatenda maua. Kisiwani tendo hilo likapewa jina lake. Hata leo Wafaransa hulitaja kama tendo la Edmond. Wafanyakazi wanaolifanya, wengi wao wanawake, huitwa kwa Kifaransa waozeshaji, kwa kuwa wao ndio wanaofungisha ndoa ambayo ua limeshindwa kuifunga lenyewe.

Utajiri uliopita pembeni yake

Matokeo hayakuja siku moja. Mtambao wa vanila huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuchanua, ganda hukaa mmeani miezi isiyopungua minane au tisa, na likishavunwa halina harufu yoyote. Ni lazima lichovywe katika maji ya moto, lifunikwe litoe jasho, lianikwe, kisha lihifadhiwe kwa miezi mingine mingi. Wakulima wa Bourbon walijifunza hayo yote hatua kwa hatua. Mwaka 1848, kisiwa kiliuza Ufaransa kilo 50 tu za vanila. Miaka 50 baadaye, mwaka 1898, kiliuza tani 200 na kuipita Mexico yenyewe. Jina la vanila ya Bourbon likawa alama ya ubora, na bado limeandikwa kwenye chupa na pakiti nyingi madukani, ingawa kisiwa chenyewe kiliacha kuitwa hivyo zamani.

Mwaka huohuo wa 1848 ulikuwa na habari kubwa kuliko kilo 50 za vanila. Mapinduzi ya Paris yaliiangusha serikali ya kifalme, na jamhuri mpya ikatangaza kufuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Huko Réunion amri hiyo ilitangazwa rasmi na kamishna Sarda Garriga tarehe 20 Desemba, siku ambayo mpaka leo ni sikukuu kisiwani humo. Zaidi ya watu 60,000 wakawa huru. Bellier-Beaumont alikuwa amekwisha kumwacha Edmond huru miezi kadhaa kabla ya hapo.

Waliokuwa watumwa hawakuwa na majina ya ukoo, hivyo maofisa walipita na madaftari wakiwaandikia. Edmond akaandikwa Albius. Mara nyingi jina hilo huelezwa kuwa limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Haijulikani kama aliyelichagua alikuwa akilifikiria ua la vanila au alikuwa akifanya mzaha, lakini kwa mtu aliyekuwa akitambulishwa kwanza kwa weusi wake, jina lilikuwa zito kulibeba.

Uhuru ulikuja mikono mitupu. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1849 iliwalipa fidia wenye watumwa kwa kupoteza mali yao. Watumwa wenyewe hawakupewa ardhi wala fedha. Edmond alikuwa na umri wa miaka 19. Maarifa yake yalikuwa yameshaenea kila shamba, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kumlipa tena ili awafundishe. Jitihada zilizofanywa kwa niaba yake ili serikali ya koloni impe angalau posho kwa huduma aliyokitendea kisiwa hazikuzaa matunda.

Kama vijana wengi walioachwa huru, alikwenda mjini Saint-Denis kutafuta maisha, akapata kazi ya jikoni katika nyumba ya ofisa wa jeshi. Huko ndiko mkasa ulikomfika. Alikutwa na hatia katika kesi ya wizi wa vito na mwaka 1852 akahukumiwa kifungo chenye kazi ngumu. Mtu ambaye tendo la mkono wake lilikuwa limeanza kuwatajirisha wenye mashamba wa pwani nzima ya mashariki, sasa alikuwa mfungwa miongoni mwa wafungwa.

Aliyemsaidia kutoka ni hakimu wa amani wa Sainte-Suzanne, Mézières Lépervanche. Alimwandikia gavana akimwombea msamaha, na hoja yake kuu haikuwa huruma. Alikumbusha kuwa kisiwa kina deni kwa mfungwa huyo, kwa sababu biashara mpya ya vanila imetokana na yeye. Gavana aliikubali hoja hiyo kwa kiasi: Edmond aliachiliwa kabla ya muda wake kwisha. Deni lenyewe halikulipwa.

Nani mwenye ugunduzi?

Kadiri vanila ilivyozidi kuleta fedha, ndivyo walivyojitokeza watu wa kuusogeza ugunduzi huo mbali na mtu aliyekuwa mtumwa. Mwenye nguvu kati yao alikuwa Jean-Michel-Claude Richard, mtaalamu wa mimea aliyejulikana hadi Ufaransa, aliyekuwa akiisimamia bustani ya serikali mjini Saint-Denis. Richard alidai kuwa miaka kadhaa kabla ya 1841 yeye mwenyewe aliwaonyesha watu wa kisiwani namna ya kuchavusha vanila kwa mkono, na kwamba Edmond bila shaka aliiona au kuisikia huko.

Dai hilo lilikuwa na uzito wa cheo. Upande mmoja alisimama msomi mwenye bustani ya serikali. Upande wa pili, mtu asiyejua kusoma, aliyewahi kufungwa. Na Edmond hakuwa na hata karatasi moja aliyoiandika. Kila kinachojulikana kuhusu siku ile ya 1841 kimepita katika kalamu za watu wengine.

Bahati yake ni kwamba aliyeshika kalamu upande wake alikuwa Bellier-Beaumont, ambaye kwa umri ule hakuwa na cha kupata katika ugomvi huo. Mapema katika miaka ya 1860, mwandishi wa historia ya kisiwa, Volsy Focard, aliyekuwa akikusanya habari za chanzo cha vanila, alipokea kutoka kwake maelezo marefu. Bellier-Beaumont alieleza kuwa Richard ni rafiki yake na kwamba haoni raha kumpinga, lakini kumbukumbu ya rafiki yake imemdanganya. Hoja aliyoitoa ni ya mtu wa shambani, na hadi leo haijapata jibu zuri: kama njia hiyo ilikuwa imeshafundishwa kisiwani, kwa nini mpaka mwaka 1841 hapakuwa na shamba hata moja lililovuna vanila, na kwa nini wenye mashamba walilazimika kumwita mtoto kutoka Belle-Vue ili awafundishe watu wao?

Focard aliyachapisha maelezo hayo. Takriban wakati huohuo, mchoraji wa kisiwa, Antoine Roussin, alichapisha picha ya Edmond akiwa ameshika mmea wa vanila, miongoni mwa picha za mandhari na watu mashuhuri wa Réunion. Ni jambo la nadra kwa mtu wa hali yake katika zama zile. Picha hiyo ndiyo inayotuwezesha leo kuufahamu uso wake.

Hata hivyo, uvumi haukufa. Mwanzoni mwa karne ya 20, muda mrefu baada ya kifo chake, baadhi ya magazeti ya Ufaransa yaliandika kuwa Edmond alikuwa Mzungu. Inaonekana kwa waandishi hao ilikuwa rahisi zaidi kumbadilisha mtu rangi kuliko kukubali kwamba mtoto mweusi, mtumwa, alilitatua jambo lililowashinda wakulima wa kisiwa kizima.

Hapa panahitaji uangalifu. Wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba Edmond alibahatisha tu, mtoto aliyekuwa akichezea maua. Ushahidi hauelekei huko. Alikuwa amefundishwa kanuni kwenye mmea mmoja, akaihamishia kwenye mmea wenye umbo tofauti kabisa, akakipata kizuizi, akabuni chombo cha kukiondoa, na alipotakiwa kurudia mbele ya shahidi, alirudia. Katika maabara yoyote kazi ya namna hiyo ingeitwa kwa jina lake.

Miaka ya mwisho

Baada ya kifungo Edmond hakubaki mjini. Alirudi Sainte-Suzanne, akaoa, akaishi karibu na Belle-Vue, mahali alipokulia. Alikuwa mtu wa vibarua na bustani. Mashamba ya vanila yaliyomzunguka yaliendelea kupanuka mwaka hadi mwaka, na kila msimu wa maua mamia ya watu walikuwa wakiamka alfajiri kufanya alichowafundisha wakubwa wao.

Alifariki dunia tarehe 9 Agosti 1880 katika hospitali ya Sainte-Suzanne, akiwa na umri wa miaka 51 hivi. Gazeti la kisiwani, Le Moniteur, lilitoa habari ya kifo chake wiki mbili baadaye. Katika maneno machache lilikiri kwamba mtu aliyekinufaisha kisiwa kwa kazi kubwa amekufa maskini hospitalini, na kwamba posho aliyoombewa haikupata jibu.

Wakati huo vanila ilikuwa imeshavuka tena bahari. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, wakulima kutoka Réunion waliipeleka Komoro na kaskazini mwa Madagascar, kuanzia kisiwa cha Nosy Be hadi pwani ya kaskazini mashariki, ambako ardhi na hali ya hewa viliipenda zaidi. Baada ya muda Madagascar, au Bukini kama Waswahili wa zamani walivyoiita, ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na Réunion ikabaki na mashamba machache yenye sifa. Komoro nayo ikaitia vanila pamoja na karafuu na ilangilangi katika orodha fupi ya mazao yanayoiingizia fedha za kigeni. Baadaye zao likafika bara: Uganda, Tanzania na mashariki ya Kongo, huko Beni na jirani zake.

Kitu kimoja kilijaribu kuiondoa vanila sokoni. Mwaka 1874, miaka sita kabla ya kifo cha Edmond, wakemia wa Kijerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walifaulu kutengeneza kiwandani vanilini, kemikali inayoipa vanila sehemu kubwa ya harufu yake. Leo ladha ya vanila iliyomo katika aiskrimu, biskuti na manukato mengi ni ya kiwandani na ni rahisi mno. Lakini vanilini peke yake si vanila. Ganda halisi lina mamia ya viini vingine, na kwa hiyo bado kuna wanaolilipia. Katika miaka ambayo kimbunga kinaipiga Madagascar, bei hupanda kiasi kwamba wakulima hulala mashambani kulinda maganda yasiibiwe, na wengine huyatia chapa kwa pini yangali mabichi ili mwizi ajulikane sokoni.

Hakuna mashine iliyopatikana mpaka sasa ya kufanya kazi ya kidole gumba. Sainte-Suzanne imemjengea Edmond Albius sanamu, na jina lake hutajwa shuleni. Nje ya kisiwa, wengi wa wanaoamka kabla ya jua wakiwa na kijiti mkononi, wakalishika ua, wakaupasua mdomo wake, wakauinua ule utando na kubonyeza, hawajapata kulisikia jina hilo. Walifundishwa na mzazi au bwana shamba, ambaye naye alifundishwa na mwingine, na ukiufuata mnyororo huo nyuma mtu kwa mtu, unaishia kwa mtoto wa miaka 12 aliyetakiwa kurudia mbele ya bwana wake jambo ambalo bwana hakuliamini.